Wajomba Wanne Kwenye Karatasi

Ijumaa, tarehe 12 Desemba 1975, nilimpoteza mwanangu wa kiume wa pekee. Alikuwa na miaka kumi. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa amepashwa tohara pamoja na mtoto wa mdogo wangu, siku moja, benchi moja, mkono mmoja, visu vimechemshwa katika sufuria moja. Mtoto wa mdogo wangu alipona kwa wiki mbili. Wangu alitoka damu, ikasimama, ikaanza tena, na Ijumaa asubuhi akakata roho katika hospitali ya Kitui. Ilikuwa sikukuu ya Jamhuri. Tulipokuwa tukimtoa, watoto wa shule walikuwa wakipita barabarani wakiimba na kupunga vibendera.

Dresa wa zahanati aliyewatahiri hakukosa. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi walitaka niseme alikosa. Alikuwa mzee msafi, ametahiri nusu ya wavulana wa upande wetu wa Kabati, na damu ilipokataa kusimama alikaa na mtoto wangu siku nzima akiwa amekibana kidonda kwa vidole vyake mwenyewe. Mtoto akawa anamwambia, "Babu, umechoka, mwachie mama ashike." Nikashika mimi.

Mdogo wangu wakati huo aliishi mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, kwa sababu mume wake alikuwa mwalimu katika shule ya hapo. Sisi tulizaliwa wasichana wawili tu kwa mama yetu, huko Migwani. Tulijifungua wavulana wetu wa kwanza mwaka mmoja, tukawanyonyesha tukiwa tumekaa pamoja, na akitoka mmoja kwenda kuchota maji, mwingine alinyonyesha wote. Watu walisema ni pacha wa mama wawili.

Siku za matanga mdogo wangu alimficha mtoto wake. Alimweka nyuma ya nyumba ya jirani ili nisimwone akitembea na shuka lake, ameachanisha miguu, akicheka na wenzake. Alifanya hivyo kwa huruma. Lakini nilimwona, nilipokwenda chooni. Alikuwa anakula kuku. Ni desturi, mvulana aliyetoka tohara apikiwe kuku, na mimi pia nilikuwa nimemtenga jogoo wangu kwa siku hiyo. Nilisimama nikamtazama akivuta nyama kwa meno. Nikajiuliza kwa nini ni yeye. Sikujiuliza kwa nini wangu alikufa. Nilijiuliza kwa nini yule anakula. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo nililoishi nalo.

Baadaye nilitoa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi, na sweta yake ya shule akapewa huyo binamu yake. Kila muhula mpya nilikuwa naona mikono ikizidi kutoka kwenye ile sweta. Kwa mtoto yule nilijua wangu angekuwa na urefu gani. Sauti yake ilipoanza kukatika kanisani katika kwaya ya vijana, nilijua na ya wangu ingekuwa inakatika. Mdogo wangu aliniuliza mara moja, "Dada, mbona unamwangalia hivyo? Amefanya kosa?" Nikasema sina kitu.

Mwezi wa pili mwaka wa sabini na sita nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mdogo wangu naye alikuwa na mimba changa. Muuguzi wa kliniki alipoandika habari zangu na kusikia mtoto alivyokufa, aliniuliza kama aliwahi kutoka damu kabla ya hapo. Nikamwambia alikuwa mtoto wa kupata alama. Ukimshika mkono kwa nguvu, kesho pamekuwa buluu. Na jino lake moja lilipong'oka lilitoa damu siku mbili, tukaweka majivu. Muuguzi akaacha kuandika. Akaniambia kuna daktari wa kike anayekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, niende nimwone.

Daktari huyo hakujua Kikamba na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo muuguzi alikaa katikati akitafsiri. Hakunipima kwanza. Alichukua karatasi akaniuliza habari za watu wetu. Mwanamume alimchorea kisanduku, mwanamke duara. Mtoto wangu aliyekufa alimchora kisanduku akakipaka wino mweusi. Nilitaka kumwambia asipake, lakini sikujua nitasema kwa sababu gani.

"Mdogo wako ana wavulana?"

"Wawili. Na mimba."

"Wazima?"

"Wazima kabisa."

Akachora visanduku viwili vyeupe.

"Mama yako ana ndugu wa kiume?"

"Wanne."

"Wazima?"

"Wana nguvu kama ng'ombe. Wote wameoa, wana watoto."

Akachora visanduku vinne vyeupe, vimepangwa kando ya duara la mama. Halafu akanielezea. Alipoona uso wangu umekuwa mzito, muuguzi akaniambia, "Mama, usilie sasa. Sikiliza kwanza, utalia ukitoka." Akatazama kiondo changu. "Umebeba nini humo?"

Nilikuwa nimebeba mbaazi za kumpelekea shangazi ya mume wangu aliyekaa mjini. Muuguzi akatia mkono akatafuta mpaka akapata punje mbili, moja nzima na moja imetobolewa na wadudu, akaziweka juu ya meza.

"Haya. Wewe mama una mbaazi mbili. Kila mtoto unampa moja. Mvulana akipata hii nzima, ni mzima, na kwake ugonjwa umeisha. Akipata hii yenye tundu, damu yake haijui kuganda. Msichana ana nyingine nzima aliyopewa na babake, kwa hivyo haugui. Lakini hii yenye tundu anaweza kutembea nayo na asijue, mpaka azae mvulana."

"Nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua. Ni kutia mkono kwenye kiondo bila kutazama."

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa."

Muuguzi hakutafsiri hilo. Alinijibu mwenyewe. "Ulimpa bila kujua, mama. Kama ulivyompa masikio."

Daktari akaniandikia jina la ugonjwa, hemofilia. Halafu akagonga kalamu kwenye vile visanduku vinne vya wajomba. Alisema kama mama yangu angekuwa ameipata kwa mama yake, ingetazamiwa mmoja wa wale wanne awe mgonjwa. Na wavulana wa mdogo wangu ni wazima. Hawezi kuapa, lakini inaelekea mambo haya yalianza kwangu mimi. Hata hivyo, nimwambie mdogo wangu naye aje.

Karatasi alinipa. Niliikunja nikaitia ndani ya Biblia.

Nilipomwambia mdogo wangu, nilimwambia hivi: "Daktari amesema umeanza kwangu." Habari ya kwamba naye aende, nilisema kwa haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Akasema, "Pole, dada," huku machozi yanamtoka, na mkono wake mmoja ukashuka ukakaa juu ya tumbo lake. Hakuujua huo mkono ulivyokwenda. Mimi niliuona. Hakwenda kwa daktari.

Mwezi wa nane nilizaa msichana. Wa tatu kwangu. Mwezi wa tisa mdogo wangu akazaa mvulana, wa tatu kwake. Nilimpelekea uji na nikampakata mtoto. Nilimgeuza huku na huku nikimtazama ngozi, naye akasema, "Dada anamkagua kama mbuzi wa soko." Wanawake wote wakacheka. Nilicheka pia.

Sikuzaa tena. Mume wangu, fundi wa mawe, mtu wa maneno machache, aliiona ile karatasi, akaniuliza kama kuna dawa ya kuchagua mbaazi. Nikamwambia hakuna. Akasema basi tumewekewa wasichana, tuwasomeshe. Sikumsikia akilalamika. Waliolalamika ni watu wa kwao.

Mwaka wa themanini mwalimu, shemeji yangu, alihamishiwa kwao Mukuyuni, upande ambao sasa ni Makueni na wakati ule tukiuita Machakos. Wakahama wote. Nilisaidia kufunga vyombo, na walipoondoka nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Sweta haikuwa inapita tena mbele ya mlango wangu. Mvulana wao wa pili alitahiriwa huko, akapona. Nilisoma barua, nikaikunja, nikaendelea kupalilia.

Aprili 1985, baada ya ile njaa kubwa, mvua ikiwa imerudi, mama yangu alikuja kukaa kwangu wiki moja. Alikuwa na jambo, na alilizungushazungusha mpaka siku ya tatu, tukiwa tunachambua kunde.

"Watu wa mume wako wamenifuata. Wanasema boma halina mvulana."

"Najua wanavyosema, mwaitu," nikamjibu mama yangu.

"Wewe una miaka arobaini. Oa mke."

Kwetu jambo hilo lipo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwingine kwa mali yake, aje azae, na watoto waitwe wa yule aliyeoa. Huyo mke tunamwita iweto. Nikamwambia mama kwamba mimi ni mtu wa kanisa, wachungaji watanifukuza.

"Wakufukuze. Mama yangu alioa, na kanisa lilikuwa limesimama pale kilimani. Alihubiriwa miezi sita. Baadaye waliohubiri wakaja kula karamu ya mtoto."

Nilicheka. Nyanya huyo, mzaa mama, tulimwita susu. Nikasema, "Lakini susu alikuwa na wavulana wake wanne. Alioa wa nini?"

Mama akaacha kunde. Alinitazama kama niliyemuuliza jua linatokea wapi.

"Wale ni wa mke wake. Si unamjua nyanya yako mdogo? Ndiye aliyewazaa."

Nilimjua. Nilimzika. Niliwaona wajomba zangu wakimwita mama na wakimwita susu mama, na sikuwahi hata siku moja kuuliza nani alitoka tumbo lipi, kwa sababu kwetu hakuulizwi. Watoto wa iweto ni watoto wa aliyemwoa. Mama yangu alipokuwa akisema "ndugu zangu wanne", hakuwa anadanganya, na mimi nilipomwambia daktari "wanne" sikuwa nadanganya.

"Na wa tumbo la susu?"

"Walikuwa watatu. Walikwisha kabla hujazaliwa. Mmoja aliteleza kwenye mwamba, tumbo likavimba. Mmoja ni jino." Akaokota ganda la kunde. "Mkubwa alikwenda tohara."

"Mbona hukuniambia? Mtoto wangu alipokufa, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wafu wa mama yangu niwalete kwa mfu wako? Tuliambiwa tusiwataje. Susu alikatazwa kuwataja ili wale wengine wasiwafuate."

Niliingia ndani nikatoa ile karatasi kwenye Biblia. Nilichukua kalamu ya binti yangu, nikaweka msalaba juu ya visanduku vinne. Chini yake nikachora vitatu vingine, vibaya vibaya, nikavipaka vyote wino. Sasa nikaona mstari ulikotoka. Ulitoka kwa susu, ukapita kwa mama, na kwa mama ukagawanyika mara mbili. Mmoja uliingia kwenye duara langu. Mwingine ulikwenda kwenye duara la mdogo wangu, ambalo kwa miaka tisa lilikuwa safi.

Nataka kusema nilichohisi. Nilifurahi. Nilikaa kwenye kitanda na karatasi mkononi, na moyo wangu ukawa mwepesi kama wa mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Si mimi peke yangu. Naye amebeba kiondo kile kile. Yeye alitia mkono akatoa nzima, akatia tena akatoa nzima. Hicho tu ndicho alichonizidi.

Halafu nikamkumbuka yule wa tatu, ambaye angefikisha miaka tisa Septemba. Umri wake wa tohara ulikuwa umefika.

Ningeweza kuandika barua siku hiyo hiyo. Sikuandika. Nilijiambia pengine naye alipata mbaazi nzima kama kaka zake, kwa nini nimtie mama yake hofu bure. Nilijiambia Mukuyuni ni mbali. Nilijiambia mambo kama haya hayasemwi kwa barua, na pia nikajiambia sina nafasi ya kusafiri. Mei ikapita, Juni ikapita. Kila Jumapili nilifungua Biblia na karatasi ilikuwa pale, na kila Jumapili niliifunga. Nilikuwa najua kitu juu ya mtoto wake ambacho yeye hakukijua. Katika miaka yote niliyomwonea wivu, hicho kilikuwa kitu changu cha kwanza.

Mwishoni mwa Novemba nilipata barua yake. Aliandika kwamba shule zikifungwa, Desemba, kitinda mimba anakwenda tohara, na kwamba ananiomba nije kumsaidia kupika, ingawa anajua ni mwezi mgumu kwangu, na kama siwezi hatanilaumu. Halafu, kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki chini ya ukurasa, akaandika: "Alitutia wasiwasi Agosti, jino lilitoa damu siku mbili, lakini sasa ni mzima, anakula mpaka sufuria inalia."

Barua hiyo nilikaa nayo siku mbili. Siku ya kwanza nilifua nguo zote za nyumbani, hata zilizokuwa safi. Siku ya pili nilikwenda kuteka maji mara nne. Siku ya tatu nilipanda basi la Machakos, na kutoka Machakos nikapata gari la kunifikisha Mukuyuni.

Nilimkuta mdogo wangu anapaka ukuta wa jikoni chokaa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa uani, na jogoo wawili walikuwa chini ya kikapu. Alinikumbatia akanipaka chokaa mgongoni. "Dada umekuja! Umekuja mapema hivi, unataka kunilia mbuzi?"

Nilikataa chai. Nilimkalisha jikoni, nikafungua karatasi, nikamwambia kila kitu, wajomba, watoto watatu wa susu, jino, mstari. Alisikiliza akiwa bado ameshika brashi. Nilipomaliza, chokaa ilikuwa imedondoka miguuni mwake.

"Wawili wamepita salama," akasema. "Huyu wa tatu ndiye unayetaka abaki?"

"Nataka apelekwe hospitali apimwe kwanza."

"Asubiri mpaka lini? Wenzake wote wanakwenda. Atarudi shuleni Januari achekwe mpaka aache masomo?" Sauti yake ikapanda. "Dada, tangu mtoto wako afe umekuwa ukiwaangalia watoto wangu kama mtu anayeangalia sahani ya mwenzake. Unafikiri sioni? Nilikuwa nawaficha. Nilikuwa nikikusikia unakuja, naficha hata daftari za shule wakipata alama nzuri. Nimechoka kuficha watoto. Huu ni wivu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni wivu."

Hakutegemea hivyo.

"Nimekuonea wivu miaka kumi. Mambo haya nimeyajua tangu Aprili, na nilinyamaza. Kunyamaza ndio wivu. Kama ningetaka kukuumiza, ningebaki Kabati nipalilie shamba langu, halafu Desemba nije nilie na wewe."

"Tangu Aprili?"

"Tangu Aprili."

Aliweka brashi chini. Alitoka nje, nikamsikia akimfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya lolote. Nilikaa. Nilifikiri atanifukuza na mimi, na nilikuwa tayari. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Jino la wako lilitoa damu siku ngapi?"

"Mbili."

Akakaa chini pale pale mlangoni, juu ya chokaa mbichi.

Mwalimu aliporudi alasiri aliisoma karatasi akiwa amesimama. Alifundisha sayansi, na mistari ile haikumpa shida. Aliifuata kwa kidole kutoka kwa susu mpaka kwa mke wake, akarudi tena juu. "Hivi vitatu nani alichora?" akauliza. Nikasema ni mimi. "Vimepinda," akasema, "lakini ni sahihi." Akaita mtoto, akamvua shati, akamgeuza kwenye mwanga. Kwenye mbavu kulikuwa na alama mbili za buluu, moja ikianza kuwa ya manjano. Mtoto akasema ni mpira. Mwalimu akamwambia avae. Jioni hiyo alimfungua mbuzi akamrudisha zizini.

Walikwenda Nairobi wiki iliyofuata, na mimi nikaenda nao. Daktari wa hapo alikuwa kijana, naye akatoa karatasi akaanza kuchora. Alimuuliza mdogo wangu, "Mama yenu alikuwa na ndugu wa kiume?" Mdogo wangu akafungua mdomo, na nikasikia "wa" ya "wanne" ikitoka. Nikamshika mkono. "Wa tumbo moja na yeye," nikamwambia daktari, "watatu. Wote wamekufa."

Damu ya mtoto ilipimwa. Alikuwa nayo. Daktari alishauri asitahiriwe kabisa, na mwalimu akamwambia kwa adabu kwamba yeye daktari hataishi Mukuyuni na mtoto huyo. Walizungumza muda mrefu. Mwishowe ikakubaliwa afanyiwe hapo hapo hospitalini, likizo ya Aprili, akiwa amewekewa yale maji ya manjano yanayotolewa kwenye damu za watu wengine, kabla na baada, na alale wodini mpaka kidonda kifunge.

Siku moja, Aprili hiyo ikiwa haijafika, mdogo wangu alikuja Kabati mwenyewe. Tangu ile siku ya chokaa hakuwa amenizungumzisha zaidi ya salamu. Hakuzunguka. "Wanataka mtu akae naye, amwangalie shuka kila asubuhi, aseme kama damu imezidi. Mimi siwezi. Sijui damu nyingi inafananaje. Wewe unajua."

Nikafunga nguo zangu.

Ile chupa ya maji ya manjano ilitundikwa juu ya kitanda, ikidondoka polepole ndani ya mkono wa mtoto. Nilikaa chini yake nikaitazama. Kitu chenyewe ndicho hicho. Kilikuwepo duniani mwaka wa sabini na tano, au kitu kinachofanana nacho, na mimi nilikuwa nimekaa nimebana kidonda kwa vidole. Nilimwonea mtoto yule wivu akiwa amelala, midomo wazi, mdogo kuliko umri wake. Nilimwonea kwa niaba ya wangu. Sijui kama dhambi hiyo ina jina.

Asubuhi ya tano niliondoa shuka kama nilivyofanya siku zote. Alikuwa ameamka, amejiegemeza kwenye mto, anakula mkate.

"Mama mkubwa, kila siku unatafuta nini kwenye shuka langu? Mimi sikojoi kitandani."

"Kula mkate wako."

"Nimesema tu. Mtoto wa kitanda kile ndiye anayekojoa. Mwangalie yeye."

Nilibeba shuka mpaka nyuma ya wodi, palipokuwa na bomba na karo la kufulia. Nilikunjua lote kwenye mwanga. Kulikuwa na doa moja, dogo kama punje ya mbaazi, limekauka. Nikageuza upande wa pili nikatafuta jingine, nikarudi upande wa kwanza nikatafuta tena, pembe hadi pembe, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mwanamke aliyekuwa akisubiri bomba akaniuliza kama nimepoteza kitu. Halikuwepo jingine. Nikalisugua lile moja kwa maji baridi mpaka likatoka, nikakamua shuka, nikalianika.

Halafu nikarudi wodini kumwambia muuguzi kwamba damu imesimama.